Mfupa Kwenye Kovu

Katika wodi ya upasuaji ya wanaume, kiungo kinachosemwa kwa sauti ya chini kuliko vyote ni kibofu. Mwanamume aliyevunjika mguu atakuonyesha mguu wake hata kabla hujamuuliza. Aliyechanwa uso na kioo cha gari ataomba kijioo ajitazame. Lakini yule ambaye mkojo wake umegoma hugeukia ukutani, akajifunika shuka hadi kidevuni katika joto la Tanga, akangoja mama yake atoke nje ndipo aseme. Nimekuwa muuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na wodi ile ina mengi ya kusimulia. Nimechagua jambo moja tu, kwa sababu lilinifundisha kazi yangu upya wakati nilikuwa nimekwisha kuizoea: mfupa unaoota ndani ya nyama, mahali ambapo mfupa haujawahi kuwepo, baada ya njia ya mkojo kujeruhiwa.

Kijana aliyenifundisha hayo alikuwa utingo wa Fuso. Gari lilikuwa limebeba machungwa kutoka Muheza, msimu umepamba moto, na yeye amekaa juu ya mzigo kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo. Likapinduka kwenye kona, na ubavu wa bodi ukamlalia kiunoni. Alipofika kwetu nyonga ilikuwa imevunjika mbele na nyuma, mrija wa mkojo umenyofoka chini ya kibofu, na kibofu chenyewe kimepasuka.

Mrija wa mkojo wa mwanamume hupita katikati ya pete ya nyonga, umeshikiliwa pale na nyama na kano. Pete ikivunjika kwa kishindo, mifupa huenda upande mmoja na mrija upande mwingine. Ndiyo maana tunawafundisha wauguzi wapya kwamba mtu aliyevunjika nyonga akiwa na tone la damu kwenye tundu la uume, asisukumiwe mpira kupitia huko hata kama kibofu kimejaa na mtu analia. Daktari hutoboa juu ya kinena, akapitisha mpira moja kwa moja hadi kwenye kibofu, mkojo ukashuka kwenye mfuko. Mrija hauungwi siku hiyo hiyo. Damu na uvimbe huachwa vitulie, kwa kawaida kwa miezi 3 au zaidi, ndipo mgonjwa arudi kuungwa. Kijana wetu ilibidi afunguliwe tumbo ili kibofu kishonwe, na mpira ukatokea kwenye tundu lake pembeni kidogo ya mshono.

Alipopata nafuu tulimruhusu aende nyumbani na mpira wake. Mama yake ndiye aliyekuwa muuguzi wake kule. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, anayeuza maandazi asubuhi, na mikono yake ilikuwa haitulii. Nilimfundisha kumwaga mfuko, kuuweka chini ya usawa wa kibofu, kusafisha kuzunguka tundu kwa maji na sabuni na kukausha. Kila mwezi hivi walikuja kubadilishiwa mpira. Kijana alikuwa akiona haya kushikwa na mama yake sehemu zile, lakini hapakuwa na mtu mwingine, na haya ilikwisha yenyewe kadiri siku zilivyokwenda.

Walipokuja mara ya kwanza, mama alingoja nimalize kuvua glavu, kisha akaniita.

“Sista, hapa pana kitu.”

“Pana nini, mama?”

“Sijui. Ila nilipokuwa namwosha wiki za mwanzo hakikuwepo.”

Akachukua vidole vyangu, akaviweka yeye mwenyewe juu ya kovu, nusu ya njia kati ya kitovu na kinena. Nilihisi ugumu mwembamba uliolala pamoja na mshono. Makovu mengi huwa magumu. Lakini huu ulikuwa na ukingo. Nikabonyeza, kijana akakunja uso. Nikamwambia daktari wa zamu, naye akaagiza picha. Picha haikuonyesha kitu. Kwenye cheti akaandika kwamba ni kovu la kawaida, wakarudi Muheza.

Ninaisimulia sehemu hii kwa sababu ndiyo inayowapata wagonjwa wengi wa aina hii. Mfupa unaoota kwenye nyama huanza bila chokaa. Kwanza ni uvimbe, joto kidogo, maumivu na ugumu. Eksirei huona madini, na madini hujikusanya baadaye, kwa kawaida baada ya wiki 3 hadi 6. Katika majuma hayo ya mwanzo mkono unakuwa unajua jambo ambalo mashine bado haijaliona, na mtu akija hospitalini wakati huo anaweza kuambiwa hana kitu, kwa karatasi yenye muhuri.

Mara ya pili walipokuja ugumu ulikuwa umekuwa kama ukubwa wa kidole cha shahada, na mpira ulikuwa mgumu kuingia. Safari hii hawakuwa wawili. Alikuwepo baba mkubwa wa kijana, mzee wa kanzu na koti, aliyenisalimia kwa heshima zote na kisha akakaa kimya akinitazama. Nilipofunua tumbo nikaona chale. Zilikuwa mistari midogo mitatu mitatu kando ya kovu, bado mibichi, zimepakwa dawa nyeusi, na mojawapo iko karibu kabisa na tundu la mpira. Ngozi ilikuwa nyekundu na ina joto.

Nilimwamkia tena mzee, nikamwomba aniambie wanafikiri nini. Akasema kijana ametupiwa. Kwamba mtu haoti mfupa tumboni hivi hivi. Kwamba mwenye gari na dereva wana ugomvi wa siku nyingi, na kijana kaingia katikati. Mama yake alikuwa akitazama sakafu. Baadaye, tukiwa wawili kwenye korido, aliniambia kwamba yeye hofu yake ni nyingine: marehemu dada yake alianza na kivimbe kigumu, wakaambiwa saratani wakati mambo yameshaharibika.

Sikumdharau yeyote kati yao, na sikubaliani na wahudumu wa afya wanaowacheka watu wa namna hii. Mzee aliona jambo ambalo kweli ni la ajabu, akatafuta sababu yake kwa elimu aliyonayo. Mama alishika kitu kigumu kinachokua, akakumbuka kifo. Wote wawili walikuwa wamechukulia kwa uzito jambo ambalo karatasi yetu ilikuwa imelipuuza. Nilichomwomba mzee ni kimoja tu, chale zisiongezwe, kwa sababu wembe na dawa ya unga karibu na tundu la kibofu huingiza vijidudu mahali ambapo tayari hapana mlango wa kuvizuia. Alikubali. Wekundu ule ulitibiwa kwa dawa za kuua bakteria, ukaisha.

Picha ya safari hii ilionyesha mstari mweupe, mzito pembeni na hafifu katikati, umelala ndani ya ukuta wa tumbo. Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo akasema haraka, “Kichocho.” Sikumshangaa. Kwetu mwambao na visiwani kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa kale. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na kwa mtu aliyeugua miaka mingi ukuta huo huweza kujaa chokaa ukaonekana mweupe kwenye picha. Lakini chokaa ya kichocho ni madini yaliyotuama, hayana uhai. Tena huwa kwenye kibofu chenyewe. Hiki kilikuwa nje ya kibofu, na kilikuwa kinakua.

Aliyetufungua macho ni daktari bingwa wa mfumo wa mkojo katika hospitali ya rufaa tuliyompeleka. Nilimsindikiza mgonjwa, na kwa kuwa niliuliza maswali mengi, daktari yule alinipa nakala ya kurasa kadhaa nisome usiku. Nilizisoma kwenye benchi, na hadi leo nadhani ni mojawapo ya hadithi nzuri kabisa za udaktari.

Mwaka 1917 mpasuaji wa New York aitwaye Harold Neuhof alikuwa akitafuta namna ya kuziba matundu ya kibofu. Kwa mbwa, alikata kipande cha utando mgumu unaofunika misuli akakitumia kama kiraka. Kiraka kilishika. Lakini alipokichunguza baadaye, alikuta mfupa umeota ndani yake. Miaka kadhaa baadaye daktari kijana, Charles Huggins, alilichukua jambo hilo kwa dhati. Huggins alizaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1901, akasomea Harvard, akaajiriwa katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1927. Yeye aliligeuza swali: badala ya kupeleka utando wa misuli kwenye kibofu, alichukua ngozi laini ya ndani ya kibofu akaipandikiza kwenye ukuta wa tumbo wa mbwa. Ngozi ile ikashika, ikajikunja ikawa kifuko kidogo, na kuzunguka kifuko hicho, baada ya majuma machache tu, ukaota mfupa. Mfupa kamili, si chokaa. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1931.

Watu wengi katika kazi yetu wanamjua Huggins kwa jambo jingine bila kujua ni yeye. Alionyesha kwamba saratani ya tezi dume hutegemea homoni za kiume, na kwamba ukiziondoa, ugonjwa hurudi nyuma. Kwa hilo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, pamoja na Peyton Rous. Wazee wengi niliowauguza, waliokubali kuondolewa korodani ili maumivu ya mifupa yapungue, walipata nafuu kwa ugunduzi wake. Kwamba mtu huyohuyo alianza na swali la mfupa unaoota karibu na kibofu ni jambo lililonipa furaha ya kweli usiku ule.

Kazi haikuishia kwake. Moscow, Alexander Friedenstein alitumia ngozi ya kibofu kwa nguruwe wa Guinea kuchunguza ni seli zipi mwilini zinazoweza kushawishiwa ziwe mfupa. Mwaka 1965 Marshall Urist, huko Los Angeles, alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini ukiwekwa ndani ya msuli huamsha mfupa mpya, na baadaye akaipa jina protini aliyoamini ndiyo inayotoa amri hiyo. Mwaka 1988 jeni za kundi hilo la protini zikatambuliwa. Leo zinajulikana kuwa ni familia nzima ya ujumbe ambao seli hupelekeana, na ngozi ya ndani ya njia ya mkojo ni miongoni mwa tishu zinazozitoa.

Ndani ya kibofu ujumbe huo hauna madhara, kwa sababu majirani zake wameuzoea na wana kazi nyingine. Taabu huja pale ngozi ile inapohamishwa. Kisu, mpira unaopita, au kibofu kilichopasuka vinaweza kuvuta punje za ngozi hiyo zikabaki katikati ya misuli na utando wa tumbo, mahali penye seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Mbegu ya mpapai ikidondoka penye jalala huota bila mtu kuipanda, na ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wa Muheza. Daktari alitaja pia njia nyingine: kipande kidogo cha mfupa wa kinena kilichorushwa na ajali, au utando unaofunika mfupa, huweza kuanzisha jambo hilohilo. Lakini mahali ulipolala mfupa, ukifuata njia ya mshono na mpira, palimfanya aamini zaidi ile ya kwanza.

Naomba msomaji aliyewahi kupasuliwa kibofu asishike tumbo kwa hofu. Tatizo hili ni nadra. Kibofu ni kiungo kinachopona vizuri ajabu. Kikishonwa na kuachwa kipumzike kwa mpira, mara nyingi huziba ndani ya majuma 2. Wengi wanaopita mikononi mwetu hawaoti kitu zaidi ya kovu.

Daktari hakukimbilia kisu. Alituambia kwamba mfupa mchanga ukikatwa mapema unaweza kurudi, na kwamba kipande kikichukuliwa katikati ya uvimbe unaokua kinaweza kumdanganya hata mtaalamu wa maabara, kwa sababu seli zake huonekana zenye vurugu kama za saratani ya mfupa. Kinachotofautisha ni mpangilio: huku pembeni ndiko kunakokomaa kwanza, katikati kunabaki na seli changa. Kwa hiyo alipiga picha, akangoja, akapiga tena, akapima damu, na mama akaambiwa kwa maneno ya wazi kwamba haionekani kuwa saratani. Alilia pale pale. Kisha akauliza kama anaweza kwenda kupiga simu nyumbani.

Walimpasua kijana mfupa ulipokuwa umetulia, siku ileile ya kuungwa mrija. Niliruhusiwa kusimama chumbani. Nimesikia sauti nyingi katika chumba cha upasuaji, lakini ile ya chuma kugonga mfupa ndani ya ukuta wa tumbo, juu ya kibofu, mahali ambapo mkono wa muuguzi hutarajia ulaini, ilinisimamisha nywele. Kilichotoka kilikuwa kipande kilichopinda, kina urefu wa kidole, upande mmoja laini, mwingine una vinundu, na nyuzi za misuli zimeng'ang'ania kingo zake. Kilipokatwa maabara kilikuwa na kila kitu: gamba gumu, vijumba vya ndani, mishipa ya damu, na uboho. Mwili ulikuwa umejenga mfupa kamili, kwa ufundi wake wote, mahali ambapo hapakuwa na kazi ya mfupa. Mpira wa muda uliwekwa kwenye tundu jipya, mbali na njia ya zamani.

Familia iliomba kipande hicho. Kwa Waislamu wa kwetu, kiungo kilichotoka mwilini huzikwa, hakitupwi, na hospitali yenye adabu huheshimu hilo. Maabara ilipomaliza kazi yake, baba mkubwa alikuja mwenyewe kukichukua kwenye kitambaa cheupe. Nilimweleza habari ya mbwa wa Chicago, yote, tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wale mbwa walipona. Hakuniambia kwamba amebadili mawazo, nami sikumuuliza. Nilifurahi kwamba alikuja na kitambaa.

Tangu hapo nilianza kuwatazama upya wagonjwa wengine, hasa waliopooza. Kwetu mwambao wengi wao ni waangua nazi na wachuma maembe walioanguka kutoka juu, na siku hizi madereva wa bodaboda. Uti wa mgongo ukiumia kibofu hupoteza amri yake, mtu huishi na mpira, na maambukizi ya mkojo humwandama. Kwao mfupa huota penginepo, hasa kwenye nyonga, mara nyingi katika miezi 4 ya mwanzo. Jambo hilo lilielezwa kwa kina mwaka 1918 na Augusta Dejerine-Klumpke na mwenzake André Ceillier, Paris, baada ya kuwachunguza askari waliopooza kwa risasi za Vita Kuu ya Kwanza. Tafiti za baadaye zimeyakuta maambukizi ya njia ya mkojo na vidonda vya kulalia yakiandamana na mifupa hiyo, ingawa chanzo chake ni kuumia kwa mishipa ya fahamu na si ngozi ya kibofu iliyohama.

Hapa napo mkono hutangulia picha. Paja linavimba, linapata joto, na kwa kuwa mgonjwa hahisi maumivu, wahudumu hudhani ni damu iliyoganda kwenye mshipa au jipu. Mambo hayo mawili ni hatari na lazima yapimwe kwanza. Lakini yakikosekana, yafikiriwe mengine. Nimeona nyonga iliyofungwa kabisa na mfupa, mtu asiweze kukaa kwenye kiti cha magurudumu, na ndugu zake, kwa mapenzi, wakazidi kuinyoosha kwa nguvu wakidhani amekauka kwa kukosa mazoezi. Mazoezi ya upole yanafaa. Kulazimisha kunaweza kuchana nyama na kuongeza tatizo. Aliyegundua mapema katika wodi yetu, mara nyingi, alikuwa mke, au dada, au mtoto wa kiume anayemgeuza baba yake usiku, na aliligundua kwa sababu mguu ulianza kukataa kufunguka wakati wa kumbadilisha nguo.

Watu hao tunawaita wasaidizi. Huingia wodini kwa ruhusa yetu, wanalala sakafuni kwenye kanga, na tulikuwa hatuandiki wanachosema. Kadi ya mgonjwa ina mahali pa joto la mwili, mapigo ya moyo, kiasi cha mkojo na jina la daktari. Haina mahali pa yule anayemwosha mgonjwa kila siku. Hilo ndilo nililoamua kulipigania katika miaka yangu ya mwisho ya kazi, na halikuwa jepesi, kwa sababu karatasi ni fedha na kila fomu mpya ina mlolongo wake wa saini. Nilianza na daftari la mistari lililofungwa kwa uzi kwenye meza ya wauguzi. Kabla ya kila raundi, muuguzi wa zamu alitakiwa amuulize msaidizi swali moja, “Tangu jana umeona nini?”, na aandike jibu kwa maneno yaleyale aliyoambiwa, bila kuyageuza kuwa ya kitabibu. Madaktari wawili walilalamika kwamba linawachelewesha. Baadaye mmoja wao ndiye aliyekuwa akiliomba kabla hajauliza faili.

Nilipostaafu lilikuwa daftari la tatu. Nakumbuka baadhi ya yaliyoandikwa, kwa miandiko tofauti ya wauguzi vijana: mkojo una harufu jana na leo. Goti la kushoto lina joto kuliko la kulia. Haongei tangu mkwewe aje. Paja la kulia halifunguki kama juzi, mkewe anasema nyama imekuwa ngumu kwa ndani, amwone dokta leo.